TAHADHARI: Injini za mvuke zenye boila mbovu na vyeti vya kughushi

Wapenzi wenzangu wa magarimoshi, someni hili kabla hamjamtumia hela mtu yeyote anayetangaza injini ndogo za mvuke "zilizokarabatiwa upya", hasa zile za makaa zinazobeba watu, za reli yenye upana wa milimita 89 na 127. Kuna muuzaji anayezunguka na mzigo wa hatari, na mpaka sasa bado anapata wateja.

Simtaji jina kwa sababu hana jina moja. Akaunti ikichafuka anaifunga na kufungua nyingine. Maneno ya tangazo, lakini, hayabadiliki: mwenye mali amefariki, familia haijui thamani ya vitu vyake, injini "imewashwa mara chache tu", na kuna mnunuzi mwingine yuko njiani, kwa hiyo lipa yote leo uwekewe. Ukiomba video ya injini ikitembea, utaambiwa reli zimeshang'olewa. Ukiomba picha ya upande wa chini, anakaa kimya, kisha anakukumbusha kwamba yule mwingine bado anasubiri.

Ingekuwa ni suala la hela peke yake, mistari michache ingetosha. Kinachonitia hofu ni boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke.

Injini niliyoletewa mimi ilipendeza kwa macho: rangi ya kijani mbichi, fito za magurudumu zinang'aa, kibao cha namba kimesuguliwa vizuri. Kabla ya kutia maji nilivua bati la nje nikakwangua rangi kidogo kwenye maungio ya tanuri. Ncha ya kisu ikazama. Chini ya rangi kulikuwa na lehemu laini ya risasi na bati, ile ile ya kuunganishia nyaya za redio, imemiminwa kwa mabonge juu ya ufa. Boila ya shaba nyekundu ya injini kama hii huunganishwa kwa lehemu ya fedha. Hiyo huacha mstari mwembamba ulionywea ndani ya kiungo, na kisu hakizami humo.

Tofauti yake ni kubwa. Lehemu ya fedha huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 600. Ile laini ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na nguvu yake huwa imeshapungua sana kabla ya kufika hapo. Sasa, maji yaliyomo ndani ya boila yenye presha ya bar 7 huchemka kwenye nyuzi 170 hivi. Yaani ukiendesha kwa utulivu kabisa, valvu ya usalama inafanya kazi na kila kitu kiko sawa, bado kiungo kile kiko karibu na mwisho wa uwezo wake. Maji yakishuka chini ya dari la tanuri kwa muda mfupi tu, shaba inapanda joto kupita hapo na kiungo kinaachia. Dereva wa injini hizi anakaa nyuma ya tanuri, uso na mikono viko palepale, na abiria wa nyuma yake mara nyingi ni watoto. Maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida hutanuka takriban mara 1,600, kwa hiyo msidhani kitakachotoka ni kafukizo kadogo.

Nijibu mapema hoja moja. Ni kweli kwamba zamani mafundi walipiga ribiti (misumari ya kubana bati kwa bati) maungio ya boila kisha wakaziba matundu kwa lehemu laini, na injini kadhaa za namna hiyo zilitembea miaka mingi. Pale ribiti ndiyo iliyobeba mzigo, lehemu ilizuia kuvuja tu. Hapa hakuna ribiti hata moja. Na uharibifu wake hautibiki kirahisi, kwa kuwa risasi ikishaingia kwenye kiungo, lehemu ya fedha haishiki tena vizuri mpaka uondoe yote. Fundi niliyempelekea aliniambia ni nafuu kutengeneza boila nyingine.

Halafu kuna cheti. Injini ilikuja na karatasi safi, ina mhuri na sahihi, ikisema boila imepimwa kwa maji. Tazameni vizuri presha iliyoandikwa. Boila mpya hupimwa kwa maji baridi kwa presha mara mbili ya ile ya kazi, na vipimo vya baadaye kwa kawaida ni mara moja na nusu. Maji hutumika kwa sababu hayabanwi kama hewa au mvuke, kwa hiyo kiungo kikishindwa yanavuja bila kulipuka. Kwenye karatasi ya huyu bwana, presha ya kipimo na presha ya kazi ni ile ile! Mpimaji wa kweli hawezi kuandika hivyo. Tena namba ya boila iliyo kwenye cheti haikugongwa mahali popote kwenye shaba yenyewe. Mwenzangu aliyenunua injini tofauti kabisa alinitumia picha ya cheti chake: doa la mafuta kwenye kona ya kulia, lenye umbo lile lile, lilikuwepo na kwake.

Anauza pia modeli ndogo za umeme za HO, zile za uwiano wa 1:87. Huko madhara ni ya mfukoni. "Ya kidijitali" kwake maana yake ina soketi ya pini nane, dekoda (kifaa cha ndani kinachopokea amri za kidijitali) hamna. Za zamani, hasa za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, nyingine zina ugonjwa wa zinki: aloi iliyochanganyika na risasi kidogo huoza kutoka ndani, chesisi inavimba, inapinda, kisha inapasuka vipande. Hakuna dawa. Yeye anajaza nyufa kwa puti na kupiga rangi. Mhimize apige picha ya chesisi ikiwa imelazwa kwenye kioo bapa. Ikiwa imepinda utaiona.

Picha nyingi za matangazo yake ameziiba na kuzigeuza kulia-kushoto ili zisitafutike mtandaoni. Namba za ubavuni anazifuta, lakini geji ya presha ndani ya kibanda huisahau: kuza picha, utaona tarakimu zimeandikwa kinyume. Muuzaji mkweli hatashindwa kupiga picha mpya ikiwa na karatasi ya tarehe ya leo pembeni ya injini, pamoja na picha ya karibu ya namba iliyogongwa kwenye boila. Huyu hajawahi kuituma kwa yeyote niliyezungumza naye.

Kama tayari umenunua kwake, tafadhali usiiwashe, hata kwa presha ndogo, hata kwa kujaribu tu. Usiipime kwa hewa ya kompresa pia, ni hatari vilevile. Ipeleke kwa mpimaji wa boila wa chama cha mafundi wa modeli ikiwa bila maji na bila bati la nje, aone maungio yote. Usiiuze tena wala kuigawa kabla boila haijabadilishwa. Hifadhi mazungumzo, tangazo na risiti ya malipo, kisha ripoti benki au kampuni ya malipo uliyotumia mapema iwezekanavyo, maana muda wa kudai marejesho huwa mfupi. Na kama cheti chako kina lile doa kwenye kona ya kulia, nitumie picha yake. Tunazikusanya ili tuzipeleke polisi kwa pamoja.