Kingston A400 kwenye laptopu ya mwalimu: dakika nne zimekuwa nusu dakika

Habari za saa hizi wadau. Mkisikia honi nyuma yangu msishangae, tupo Moshi mjini, hatua chache kutoka mnara wa saa, na haisi za Majengo hazijawahi kumsubiri mtu arekodi video.

Hiki nilichoshika ni SSD, diski ya kisasa ya kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Kingston A400, GB 240, ile ya inchi 2.5. Ukiipokea mkononi unaweza kudhani wamekuuzia ganda tupu, maana ni nyepesi hasa. Nimeinunua 75,000 kwa hela yangu, hakuna aliyenipa bure, kwa hiyo leo nasema ninavyotaka.

Tumeifunga kwenye ThinkPad T430, mashine iliyotoka 2012, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, bado anachapa mitihani ya wanafunzi wa jioni. Kaja nayo asubuhi imefungwa kwenye kanga. Shikamoo mwalimu, marahaba, hata hajakaa: "Mwanangu, hiki chombo kimezeeka au kina virusi?" Nikamwambia aniachie arudi mchana. Akavuta kiti. Hakuondoka mpaka nimemaliza, na maswali aliyoniuliza yangetosha karatasi ya mtihani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya video hii ni maswali yake.

Kabla sijagusa skrubu nilipima. Kuanzia kubonyeza kitufe mpaka Word ikubali kuandika: dakika 4 na sekunde 10. Mwalimu akasema ndiyo maana yeye huwasha, halafu anaenda kubandika chai.

Virusi nilitafuta, hamna. Nikafungua Task Manager, pale panapoonyesha nani anafanya kazi na nani amekaa. Prosesa, ubongo wa mashine, asilimia 6. RAM haijafika hata nusu. Diski asilimia 100, na imeganda hapo hapo. Basi mgonjwa kajulikana.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wanapopigwa hela. Diski ya zamani, hadi diski (hard disk), ndani ina sahani inayozunguka, na juu yake kuna mkono mdogo unaosoma, kama santuri za wazee. Ya mwalimu ilikuwa inazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Unasema hiyo si ni kasi? Kasi ya nini. Kila kompyuta inapotaka kipande cha faili, mkono usogee hadi mstari husika, halafu usubiri sahani ilete kile kipande chini yake. Kwa wastani hiyo safari na kusubiri ni kama milisekunde 15 hivi. Piga hesabu: ni safari kama sitini, sabini kwa sekunde. Na Windows ikiwaka inataka vipande vidogo vidogo kwa maelfu, vimetawanyika kila kona. Prosesa imekaa tu, inasubiri.

SSD haina kinachozunguka. Ni chipu, kama za flashi lakini za daraja lingine. Kufika kwenye kipande chochote ni kama sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Kwa hiyo hii namba kubwa kwenye boksi, MB 500 kwa sekunde, isikuchanganye sana. Hiyo ni ya kusoma faili moja refu moja kwa moja. Utamu wenyewe uko kwenye kutosubiri.

Kuifunga ni rahisi kwenye T430: kifuniko cha diski kina skrubu moja tu, unatoa, unavuta ya zamani, unachomeka mpya. Laptopu nyingine inabidi ufungue tumbo lote, huko mwachieni fundi. Nikaweka Windows upya, nikarudisha mafaili, nikapima tena. Sekunde 31. Mwalimu akavua miwani akaifuta. Akasema niizime, niwashe tena. Nikawasha. Sekunde 31.

Ndipo akauliza swali ambalo naletewa hapa kila siku: "Kwani hiyo si ndiyo memori? Si ungeniongezea tu memori?" Jamani. Chukulieni duka la Mangi. Nyuma kuna stoo, mbele kuna kaunta. Stoo ndiyo diski, mzigo unalala humo hata duka likifungwa. Kaunta ndiyo RAM, pale vinawekwa vile anavyovishughulikia sasa hivi. Mangi mwenyewe ndiye prosesa. Kaunta ikiwa finyu, kila saa anarudisha vitu stoo apate nafasi, na hapo kuongeza RAM kunasaidia kweli. Ila kaunta ya mwalimu ilikuwa nusu tupu. Angeongezewa RAM angelipa na chai ingebandikwa vile vile. Na ukisikia muuzaji anakwambia "hii ina RAM GB 500", ondoka taratibu.

Kaunta nayo ina tabia yake: umeme ukikatika, inafutika. RAM inashikilia vitu kwa chaji ndogo sana zinazovuja, inabidi zijazwe upya mara kadhaa ndani ya kila sekunde. Sasa laptopu zetu nyingi betri zimekufa, zinaishi kwenye chaja kama mgonjwa wa dripu. Umeme ukienda, kile ambacho hukukihifadhi kimeenda nao. SSD haikuokoi hapo. Bonyeza Ctrl na S, iwe kama kukohoa.

Halafu nikamwona mwalimu kashika kipanya, anabonyeza F5, anabonyeza, anabonyeza. Nikamuuliza mwalimu unafanya nini? "Naipumzisha." Nilicheka, lakini na mimi nilifundishwa hivyo hivyo chuoni, rifreshi mara kumi mashine iwe nyepesi. Haiwi nyepesi. F5 pale kwenye skrini kuu inachora upya picha na kusoma tena orodha ya mafaili, basi. RAM haisafishwi. Unaipa kazi ndogo ya ziada.

Kuristati ndiko kunakosaidia, maana kunaondoa programu zilizokwama na kuanza upya. Hapa kuna jambo wengi hawalijui: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukizima kawaida kompyuta mara nyingi haizimi yote. Inaandika sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iwahi kuwaka, kwa hiyo kasoro ya jana inaweza kuamka nayo. Ukichagua Restart, ndipo inaanza kabisa. Kwa hiyo fundi akikwambia "zima uwashe" na shida ikabaki, usimlaumu, ristati kwanza.

Turudi kwenye bidhaa. Boksi linasema GB 240, Windows inasema 223. Mwalimu, na hesabu zake, hapo alikunja uso: "Wamenipunja GB 17?" Hawakupunja. Kiwanda kinahesabu kwa elfu: GB 240 ni baiti 240,000,000,000. Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo GB yake moja ni baiti 1,073,741,824. Gawanya, utapata 223 na kidogo. Mzigo ni ule ule, debe ndilo tofauti. Akachukua kalamu akagawanya mwenyewe, ndipo akatulia.

Kasoro? Ipo, na ni ya SSD karibu zote za bei hii. A400 haina chipu yake ya DRAM (kumbukumbu ya haraka) ya kutunza ramani ya wapi data imekaa, wamebana gharama hapo. Tena sehemu yake ya kupokea mzigo kwa haraka ni ndogo, kwa hiyo ukiimwagia mzigo mkubwa kwa mkupuo, kama video za harusi GB 50, inaanza kwa mbio halafu inashuka. Ni kama kupakua mahindi: magunia ya kwanza unayabwaga barazani haraka, baraza likijaa inabidi uanze kupanga ghalani. Mpiga picha wa harusi, hii si yako, ongeza hela. Mtu wa Word, Excel na kuangalia matokeo ya mechi, hutaligundua.

Kudumu: kampuni inaipa hii ya GB 240 kiwango cha kuandikwa TB 80, na dhamana ya miaka 3. Ukiandika GB 20 kila siku, ambazo mwalimu hazifikii hata kwa wiki, ni siku 4,000. Miaka 10 na ushee. Na haina mkono wa kugonga sahani laptopu ikirukaruka kwenye pikipiki, hilo kwa barabara zetu za Pasua nalihesabu kama faida kubwa.

Lakini sikia hili. Kwenye hadi diski ukifuta faili kwa bahati mbaya, fundi anaweza kulifufua, kwa sababu kinachofutwa kwanza ni anwani, mzigo bado upo. Kwenye SSD, Windows inaiambia chipu kwamba nafasi hii haina mwenyewe tena, nayo inasafisha yenyewe kimya kimya. Mara nyingi kufufua hakuwezekani. Kwa hiyo nakala, nakala, nakala.

Na zile SSD za nje za TB 16 kwa elfu arobaini mnazonitumia picha: ndani wanaweka kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Ikijaa, inaandika juu ya mafaili yako. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza yote halafu inasoma tena. Uongo unaonekana, ila hela ndiyo imeshaenda.

Jambo moja ambalo SSD haitibu: T430 haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Microsoft waliacha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Nimemwekea mwalimu Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, pembeni aijaribu. Kasema ataiangalia, kwa sauti ile ya mwalimu anayejua mwanafunzi hajasoma.

Diski yake ya zamani sikuitupa. Nimeitia kwenye kiboksi cha USB cha 15,000, mitihani yake yote tangu 2014 imo, na nimemwandikia juu kwa maka: NAKALA, USICHOMEKE KILA SIKU. Akaikunja kwenye kanga pamoja na laptopu. Alipofika mlangoni akageuka: "Sasa chai nitakuwa nakunywa saa ngapi?"