Priorat kwa baiskeli: barabara tulivu, vilima vya mizabibu na miguu inayowaka moto

Kama unatafuta barabara ya lami ambayo unaweza kupanda na kushuka kwa muda mrefu bila kupitwa na gari hata moja, nenda Priorat. Ni wilaya ndogo ya kusini mwa Catalonia, mkoa wa Tarragona, iliyojificha nyuma ya milima inayoitenga na Bahari ya Mediterania. Nimewahi kuendesha baiskeli pwani ya Costa Daurada, na kaskazini zaidi nimezunguka La Rioja kando ya mto Ebro. Kote nilifurahi. Ila Priorat ndiko nitakakorudi kila nitakapopata likizo na nauli.

Utulivu wake una sababu. Malori na wenye haraka hupita N-420, barabara kuu inayotoka Reus, inapita Falset na kuendelea hadi Ebro. Upande wa kaskazini kuna C-242, inayopita Cornudella de Montsant. Katikati ya hizo mbili mna vijiji vya watu mia chache tu: Gratallops, Torroja, Porrera, Poboleda, La Vilella Alta na La Vilella Baixa. Vimeunganishwa na vijibarabara visivyompeleka mtu popote zaidi ya kijiji kinachofuata. Utakayekutana naye ni mwenye shamba kwenye trekta, gari la posta, au mgeni aliyekuja kuonja mvinyo. Tena wengi hupunguza mwendo mapema, wanasubiri nyuma yako mpaka kona iishe, halafu wanapita kwa nafasi. Sheria ya Hispania inamtaka dereva aache angalau mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli, na huku niliiona ikifuatwa kwa dhati.

Mzunguko ninaoupenda kuliko yote unaanzia Falset, mji mkuu wa wilaya. Unashika T-710, unateremka kona kwa kona mpaka mto Siurana, unavuka, kisha unaanza kupanda kwenda Gratallops. Mteremko huo uufurahie, maana mto ukishavukwa hakuna cha bure tena. Mlima wenyewe si mrefu wa kutisha, lakini jua la asubuhi linakupiga mgongoni, na mawe ya kando ya barabara yanalirudisha joto usoni. Kutoka Gratallops unakata kwenda Torroja, kisha Porrera, halafu unapanda tena kuutoka ule bonde na kurudi Falset. Ni kilomita zisizofika 40. Usidanganyike na udogo wa namba hiyo, kwani tambarare humo ni adimu sana: ama unashuka ama unapanda, na gia zinabadilishwa muda wote.

Kipande cha Gratallops hadi Porrera ndicho kilichoniteka. Barabara ni nyembamba, haina hata mstari wa katikati, imekata ubavu wa vilima kwa kona zinazofuata umbo la ardhi. Juu yako na chini yako ni mizabibu. Nilisimama mahali nikaokota jiwe: jeusi, lenye rangi ya kutu pembeni, tabaka juu ya tabaka, na ukilivunja kwa vidole linaachana kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka. Ndani yake mna punje zinazometameta juani. Wenyeji wanaliita llicorella, na ndilo udongo wenyewe wa Priorat. Hapo huoni udongo kama tunavyoujua, ni rundo la vipande vya mawe tu, na mzizi wa mzabibu lazima uteremke ndani kabisa kwenye nyufa kutafuta maji. Ndiyo maana mti mmoja hutoa zabibu kidogo mno, na ndiyo maana chupa ya huku haiuzwi bei ya kutupa.

Mimi ni mtoto wa Dodoma, mizabibu nimeizoea tangu utotoni. Kwetu iko kwenye ardhi tambarare, na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hapa nilikuta miti mizee ya garnacha na cariñena, aina mbili za mizabibu, imesimama yenyewe bila waya wala nguzo, shina nene limejikunja, kwenye mteremko ambao mimi ningeogopa kuushuka kwa miguu. Mavuno ni mara moja, kati ya Septemba na Oktoba. Kuna mashamba ambayo hadi leo hulimwa kwa nyumbu kwa sababu trekta ingepinduka. Nilimtazama mzee mmoja akipalilia kwa jembe huku mguu mmoja uko juu na mwingine uko chini. Nilipompungia mkono akaegemea jembe lake, akaniitikia kwa sauti, akaendelea na kazi.

Ukitaka siku ngumu zaidi, toka Gratallops nenda La Vilella Baixa, kijiji ambacho nyumba zake zimepandana kwa ghorofa juu ya mto hadi watu wakakitania kwa jina la New York ya Priorat. Kutoka hapo panda kwenda Escaladei. Hapo ndipo palipojengwa monasteri ya Wakartusi katika karne ya 12, ya kwanza ya shirika hilo katika rasi yote ya Iberia, na watawa wake ndio waliostawisha kilimo cha mizabibu katika mabonde haya. Mwaka 1835 serikali ilitwaa mali za watawa, wakaondoka, na leo utakuta magofu yenye malango mazuri ya mawe chini ya majabali ya Montsant. Usipite bila kuingia. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, mdudu wa filoksera aliiangamiza mizabibu na watu wengi wakahama. Utulivu huu ninaousifu umetokana kwa sehemu na kuhama huko, na ukipita vijijini adhuhuri ukaona milango iliyofungwa kwa miaka, unalielewa jambo hilo bila kuambiwa. Uhai ulianza kurudi pale kikundi kidogo cha watengenezaji mvinyo walipokuja miaka ya 1980 wakatoa mvinyo wao wa kwanza wa mavuno ya 1989. Leo Priorat na Rioja ndizo pekee Hispania nzima zenye daraja la juu kabisa wanalopewa mvinyo kwa kutambuliwa mahali unapotoka.

Baada ya Escaladei unakuja mlima wa La Morera de Montsant, kijiji kilichokaa zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Kona ni kali, jabali jekundu linazidi kukukaribia, na pumzi inakuwa ya kuhesabu. Nilipofika nilijaza chupa zangu kwenye bomba la kijijini, nikakaa kivulini, na mabonde yote niliyoyapita yalikuwa chini yangu. Mwenye nguvu zilizobaki ataendelea Cornudella, kisha atapanda kilomita zipatazo 7 hadi kijiji cha Siurana, ngome ya mwisho ya Waislamu katika Catalonia, iliyoanguka katikati ya karne ya 12. Siurana nenda siku ya kazi. Wikendi barabara ile inajaa magari ya watalii na ya wapanda majabali, maana kuta zake zinajulikana dunia nzima.

Sasa kuhusu baiskeli ya kukodi, na hapa sikuridhika. Duka nililokodisha, huko pwani, lilinipa baiskeli nzuri ya kaboni yenye breki za diski, safi, nyepesi, ila gia kubwa ya nyuma ilikuwa na meno 28 tu, ingawa nilikuwa nimeandika mapema kwamba naenda Priorat. Kwa miguu ya kawaida, meno 28 kule ni mateso. Nililazimika kusimama kwenye pedali kila kona ya La Morera. Dai gia ndogo ya mbele ya meno 34, na ya nyuma ya meno 32 au 34, na usiondoke dukani kabla hujaihesabu kwa macho yako. Uzito wa baiskeli haunisumbui hata kidogo. Afadhali baiskeli ya alumini yenye gia nyepesi kuliko ya kaboni inayokuua magoti.

Duka hilohilo lilinitumia ramani ya njia kwenye simu, na ramani hiyo ilinipitisha N-420 kwenye mpando wa Coll de la Teixeta, malori yakinguruma ubavuni. Kwa anayelala pwani, njia ya kupitia Colldejou na La Torre de Fontaubella ni ndefu kidogo lakini ina amani, na ndiyo niliyorudi nayo. Ushauri wangu hasa ni usilale pwani kabisa. Lala Falset au Gratallops. Treni ya mkoa kutoka Barcelona inayopita Tarragona na Reus husimama Marçà-Falset, kilomita chache tu kutoka mjini. Treni zenyewe si nyingi, kwa hiyo tazama ratiba kabla hujanunua tiketi.

Chakula kimenifurahisha mno. Asubuhi kwenye baa ya kijiji utaletewa mkate wa kuchomwa, nyanya iliyoiva, kitunguu saumu na chupa ya mafuta ya arbequina, aina ya zeituni. Unausugua mkate mwenyewe, unamimina mafuta, unanyunyiza chumvi. Ongeza kahawa na mfuko wa hazelnut za Reus mfukoni, umepata nguvu ya mlima mzima. Lakini kumbuka kwamba kati ya saa 8 mchana na saa 11 jioni maduka mengi hufungwa, na vijiji vingine havina duka kabisa. Beba chakula na chupa mbili za maji. Mabomba ya kijijini husaidia, ila soma kibao kwanza. Kilichoandikwa “no potable” si cha kunywa.

Asiyegusa mvinyo asiogope kuja. Mashamba yanatazamwa bure, na jengo la ghala la ushirika la Falset, alilolisanifu Cèsar Martinell mwaka 1919, linapendeza hata kwa anayeagiza juisi. Anayekunywa naye asubiri mpaka baiskeli iwe imefungwa uani, kwani kiwango cha kilevi kwa dereva ndicho hichohicho kwa mwendesha baiskeli, na miteremko ile haitaki mkono mzito kwenye breki. Kofia ngumu ni lazima kisheria nje ya miji.

Msimu mzuri ni Aprili, Mei na Oktoba. Julai na Agosti joto ni kali mno na kivuli ni kidogo. Baada ya mvua, vipande vya mawe huporomoka barabarani, vina makali, kwa hiyo beba mipira miwili ya akiba na viraka. Kama una siku moja tu, fanya ule mzunguko wa Falset, Gratallops, Torroja na Porrera, uanze saa 1 asubuhi, ushuke T-710 kabla jua halijapamba moto, na Porrera utembee kwa miguu uone saa za jua zilizochorwa kwenye kuta za nyumba kabla ya kuukabili mpando wa mwisho.