"Unafunga tu, unawasha": seti ya kiyoyozi niliyoiweka kwenye Peugeot 504

Kabla ya kulipa niliwauliza wauzaji wa seti swali moja, na nililiandika ili baadaye pasiwe na ubishi. Injini ya 504 haisimami wima kama injini nyingi, imelala ubavu kwa nyuzi 45. Je, breketi yenu ya kushikilia kompresa, ile pampu ya gesi inayozungushwa na mkanda wa injini, imetengenezwa kwa injini hiyo, au ni ya kukisia? Jibu lilikuja haraka, neno moja tu: "Inakaa."

Haikukaa.

Wenye magari ya zamani mnayajua matangazo ya seti hizi. Boksi la kupozea limetulia chini ya dashibodi utadhani lilizaliwa nalo, kompresa inang'aa, na maandishi makubwa juu yake: unafunga tu, unawasha. Hakuna kukata, hakuna kuchomelea. Mtu anayeendesha gari lenye vioo vikubwa pande zote na bati lisilo na kitu chochote cha kuzuia joto, lenye sakafu inayopata moto kutoka kwenye ekzosi, akisoma maneno hayo moyo wake unalainika. Wangu ulilainika.

Seti ilifika na kila kitu kimefungwa vizuri, hilo siwanyimi. Breketi ilikuwa nzito, imepakwa rangi nyeusi safi. Bolti mbili ziliingia bila shida. Tundu la tatu fundi ilibidi alipanue kwa tupa. Hapo angekuwa fundi mwingine angekaza, angejaza gesi, angenikabidhi ufunguo. Wangu ni mzee wa kazi, hakazi kitu kabla ya kukipima. Akalaza rula ya chuma juu ya puli ya krenki kuelekea puli ya kompresa, akatulia, akaniita nione mwenyewe. Puli ya kompresa ilikuwa imetangulia mbele kwa milimita kama nne.

Tukawaandikia na picha tukatuma. Wakajibu kwamba hiyo ni "kawaida", mkanda utajipanga wenyewe. Mkanda hauna akili ya kujipanga. Unaingia kwenye mfereji wa puli kwa upande, unasugua ukingo, unapata moto, na kila kompresa inaposhika unalia. Fundi alisema hataki kuwasha. Mimi nikamwambia tuwafuate wenye mali yao kama wanavyosema, ili wasipate pa kujifichia. Ukalia tangu siku ya kwanza. Chini ya boneti pakaanza kutanda unga mweusi wa mpira, kisha siku moja barabarani ukapinduka ndani ya mfereji na kukatika. Nilichoponea ni kwamba kompresa ilikuwa na mkanda wake peke yake. Ungekuwa mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, leo ningekuwa naandika habari za injini iliyokufa.

Ndipo nikapiga simu. Nikaweka sauti kubwa, fundi akiwa amechutama kando ya bampa, rula bado iko mkononi.

Aliyepokea alianza kwa kusema mkanda nilioweka si wao. Nikamwambia ni wao, umetoka kwenye boksi lenu. Akasema basi fundi ndiye hajui. Fundi akacheka kidogo, hakusema kitu. Nikamsomea vipimo, nikamwambia picha mnazo, tena zimekaa kwenu muda tu. Kikapita kimya. Nilidhani anazifungua picha. Kumbe alikuwa anatafuta la kuniambia, na alichokipata ni hiki:

"Mzee, tuseme ukweli. Gari lenyewe hilo si ungeliuza tu chuma chakavu, ukanunua linalokuja na AC yake?"

Sijui kama nimewahi kusikia muuzaji wa vifaa vya magari ya zamani akimwambia mteja wa magari ya zamani alitupe gari la zamani. Biashara yako yote inasimama juu ya watu waliokataa kuyatupa haya magari! Fundi akainua kichwa, akaniambia taratibu, "Muulize kama amewahi kuiona 504 boneti ikiwa wazi." Nikamuuliza. Simu ikakatika, au ilikatwa.

Na hilo la "linalokuja na AC yake" ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu linaonyesha mtu hajui hata anachokiuza. Kiyoyozi na magari ya zamani ni marafiki wa siku nyingi. Packard, kampuni ya magari ya Marekani, waliuza magari yenye kiyoyozi cha kiwandani kwenye modeli za 1940, vita vikuu vya pili ndiyo kwanza vimeanza. Boksi la kupozea lilikaa nyuma kwenye buti, na kompresa haikuwa na klachi, hivyo mwenye gari akitaka kuizuia isizunguke alifungua boneti na kuutoa mkanda kwa mikono. Nash nao, kwenye modeli za 1954, wakaunganisha joto na baridi kwenye mfumo mmoja uliokaa mbele. Hao walikuwa wanabuni kitu ambacho hakikuwepo. Huyu wangu ameshindwa kutoboa tundu mahali pake.

Haya, nipumue kidogo, maana kuna upande wa pili na nisipousema nitakuwa nimewaonea.

Fundi aliitoa ile breketi akaiweka pembeni. Akachora mpya kwenye kadibodi, akapima, akachora tena, kisha akaipeleka kwa mchomeleaji. Ilipofungwa, rula ilikaa juu ya puli zote mbili bila mwanga kupita. Kwa kuwa mfumo ulikuwa umekaa wazi, alibadilisha draya, kwa sababu kazi yake ni kunyonya unyevu na ikiachwa wazi inanyonya unyevu wa hewani hadi inashiba. Akaunganisha pampu ya kuvuta hewa, akaiacha ifanye kazi kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa na subira nao. Ukiondoa hewa kiasi hicho, maji yaliyobaki ndani ya mabomba yanachemka bila moto na kutoka kama mvuke. Ukiyaacha yataganda kwenye vali ya kutanulia gesi, na utakuwa na AC inayopoza dakika kadhaa, inakata, inarudi, wewe unalaumu gesi. Ndipo akajaza gesi ya kupozea, R134a, kwa kuipima kwa uzito, si kwa kukisia.

Jamani, inaganda! Nilitundika kipimajoto kwenye tundu la katikati: barabarani kilishuka hadi nyuzi 6. Kwenye gari ambalo nimeliendesha miaka yote nikiwa na taulo begani. Kompresa iliyomo kwenye seti ni ya kampuni ya Sanden na sina neno nayo, ni nyepesi na inazunguka kimya, hata huijui kama imeshika. Rafiki yangu mmoja alikuwa amenishawishi nichukue mfumo uliotumika wa miaka ya 70 wenye kompresa ya York. Zile za pistoni mbili ni za chuma kweli na hazifi ovyo, lakini zinatikisa injini hadi kwenye kioo cha pembeni unaona gari moja kama mawili. Isitoshe, mifumo ile ilikuwa ya R12, gesi iliyoanza kuondolewa baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Ukitaka kuuhamishia R134a inabidi usafishe mafuta ya zamani ya kompresa, maana hayachanganyiki na gesi hiyo, na mipira ya zamani inaipitisha taratibu hadi mfumo unabaki mtupu. Kwa hiyo uamuzi wa kuchukua seti mpya ulikuwa sahihi, na kwa siku chache nilikuwa tayari kuwapa nyota nne na kusahau yule kijana. Nilishaanza hata kuandika maneno ya upole.

Halafu nikaingia kwenye foleni.

Gari likiwa limesimama, ubaridi ukapotea na sindano ya joto ikaanza kupanda. Mwenye 504 ameshajua tatizo liko wapi. Feni ya gari hili inashikwa kwa sumaku ya umeme. Injini ikiwa na joto la kawaida sumaku inaiachia, na inaikamata tu maji yakipata moto wa kutosha. Ni ubunifu mzuri, unaokoa nguvu na kupunguza kelele. Lakini sasa mbele ya rejeta umeweka kondensa, ambayo nayo inatoa joto lake na inahitaji upepo tangu dakika AC inapowashwa. Gari likitembea upepo upo. Likisimama, feni inasubiri injini ipate homa kwanza! Tiba yake ni waya na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ili AC ikishika na feni ishike. Fundi aliimaliza kabla chai haijapoa. Nikarudi kwenye kitabu cha maelekezo cha seti, kile chenye jina la gari langu kwenye jalada, nikakisoma chote. Feni ya sumaku haijatajwa popote. Kuna ukurasa mzima wa namna ya kubandika nembo yao kwenye dashibodi.

Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, vilevile hawakuigusa. Kompresa ikishika, injini ya kabureta inashuka na kutaka kuzima kwenye taa. Kuna kifaa kidogo cha kusukuma kabureta kidogo AC inapowaka, kinajulikana tangu enzi hizo, na hakikuwemo kwenye boksi wala kwenye orodha ya vitu vya kununua pembeni. Alteneta, inayozalisha umeme wa gari, nayo haikutajwa, na sasa inabeba feni ya kipozeo, klachi ya kompresa na taa za mbele kwa pamoja. Yangu ilikuwa imeshabadilishwa zamani kwa sababu nyingine. Mwenye alteneta ya asili atajua usiku wa kwanza.

Kwa hiyo tuwe wakweli kuhusu nilichokinunua. Nimenunua kompresa nzuri, kondensa nzuri na boksi zuri, vitu ambavyo wao hawakuvitengeneza. Vilivyo vyao wenyewe, yaani breketi, maelekezo na mtu wa kupokea simu, ndivyo vilivyoharibika. Baridi ninayoipata ni ya Sanden na ya fundi wangu. Anayelinganisha seti hizi asihangaike sana na nguvu za kupoza, nyingi zitapoza. Aombe picha ya breketi yao ikiwa imefungwa kwenye injini kama yake, rula ikiwa juu ya puli. Wakianza kuzunguka, majibu anayo.

Niliwaandikia kuomba gharama ya mchomeleaji tu, si fidia ya mkanda wala ya lile tusi. Baada ya kimya kirefu wakajibu kwa heshima zote, "Mteja wetu mpendwa", kwamba wamesikitika na wananipa punguzo kwenye ununuzi wangu ujao.

Ununuzi ujao wa nini? Gari ni moja! Au nikishaliuza chuma chakavu kama nilivyoshauriwa, nije ninunue seti nyingine ya kuweka sebuleni?

Nyota mbili. AC inaganda, siwezi kusema uongo, jana tu mke wangu ameomba niipunguze. Lakini nikikumbuka lile "Mzee, tuseme ukweli"... Hapana, moja. Na hiyo moja wampelekee Sanden.