UPS ya ruta: kabla hujalipa, uliza kama inajiwasha yenyewe umeme ukirudi

Mwezi wa tatu nilikwenda Lushoto mazikoni, nikamwacha mama peke yake nyumbani Chumbageni, Tanga. Usiku wa kwanza umeme ukakatika. UPS, lile boksi la betri linaloshika zamu umeme ukikatika, niliyoinunua wiki tatu nyuma na kuisifia kwa kila aliyeingia sebuleni, ilishikilia ruta na kile kiboksi cha faiba kwa saa mbili hivi, kisha ikaishiwa chaji. Hapo siilaumu, betri huisha. Alfajiri umeme ukarudi. Friji likaanza kunguruma, feni ikazunguka, taa ya barazani ikawaka. UPS ikabaki kimya. Imechomekwa, soketi imewashwa, na yenyewe imelala inangoja mtu aje abonyeze kitufe.

Mama ana miaka 72 na hagusi dude la umeme asilolijua. Kaka yangu yuko Muscat, humpigia WhatsApp kila siku baada ya adhuhuri. Siku mbili simu haikuingia. Siku ya pili alikuwa ameshawapigia majirani watatu, na mimi niko msibani naulizwa, "Dada, mama kafikwa na nini?" Niliporudi Tanga nilibonyeza kitufe mara moja tu, kila kitu kikawaka.

Tangu nisimulie kisa hiki, shoga zangu wawili wa Raskazone na binamu yangu wa Ngamiani wameniambia yamewakuta hayohayo. Mmoja alidhani ruta imeungua, akanunua nyingine.

Kwa hiyo mambo ya VA (namba ya nguvu ya UPS) na ukubwa wa boksi sitayazungumzia sana, hayo muuzaji yeyote atakutajia. Ruta na kiboksi cha faiba kwa pamoja havili zaidi ya wati 15 au 20. UPS ya kawaida yenye soketi, hata iliyo ndogo, ina nguvu hiyo mara kumi hivi au zaidi. Swali lenye uzito ni moja: ikiisha chaji kabisa, halafu umeme ukarudi, je, inaamka yenyewe na kutoa umeme bila kuguswa?

Zipo zisizoamka. Hizo zimeundwa hivi: kitufe ndicho kinachouamuru mzunguko wa ndani uanze kazi. Betri ikifa, amri ile imepotea. Umeme ukirudi betri inachajiwa vizuri tu, lakini soketi za nyuma hazitoi kitu. Kwa mtu wa ofisini anayekaa mbele ya kompyuta hilo si tatizo, atabonyeza. Kwa nyumba yenye mzee, kwa kamera ya getini, kwa mtu anayeshinda kazini Pongwe na kurudi jioni, ni ugonjwa mkubwa. Na si umeme kukatika tu: Luku ikiisha usiku wa manane ukaingiza tokeni asubuhi, ni yaleyale.

Kuijua ni rahisi, ila dukani hawatakuruhusu. Ifanye nyumbani siku ileile uliyonunua, risiti ikiwa bado mkononi. Ichaji mpaka ijae. Unganisha ruta, chomoa UPS ukutani, iache ifanye kazi mpaka ijizime yenyewe. Usiizime kwa kitufe, maana hapo utakuwa umejidanganya. Subiri nusu saa, kisha ichomeke ukutani na uondoe mikono. Taa za ruta zikiwaka, umepata. Zisipowaka, irudishe siku hiyohiyo.

Watu wengine huniuliza kama kuna haja ya UPS ikiwa mtaa mzima hauna umeme. Kwa faiba ipo. Ule waya ni wa kioo na hubeba mwanga unaotoka kituoni, na vigawanyio vya njiani kwenye mtandao wa aina ya GPON (waya mmoja wa faiba unaogawiwa nyumba nyingi) havihitaji umeme. Kituo kikiwa na umeme wake wa akiba, kinachokufa ni viboksi vyako viwili vya sebuleni, basi. Ndiyo maana ukikumbuka kimoja ukasahau kingine hupati kitu. Wenye ruta ya laini ya simu wanategemea betri za mnara, na hizo haziko mikononi mwao.

Sasa chaguo langu. La kwanza ni APC Back-UPS ya 650VA, na sifichi kwamba naipendelea. Inatoa wati 325, inarekebisha volti zikishuka au kupanda, na jaribio lile nimeifanyia mara tatu kwenye nyumba tatu tofauti: mara zote imeamka yenyewe. Kitu cha pili ninachoipendea ni namba yake ya utambulisho. Ukihesabu pamoja na herufi za mwanzo, alama ya tatu na ya nne ni mwaka iliyotengenezwa, ya tano na ya sita ni wiki. Yaani muuzaji hawezi kukwambia "mzigo wa juzi" wakati imelala rafuni miaka minne. Betri ya ndani ni betri kavu ya risasi ya volti 12, jamii moja na za pikipiki, na ikikaa miezi mingi bila kuchajiwa inaota salfa na kupoteza nguvu kabla hujaitumia hata siku moja.

Angalia nyuma kabla ya kulipa. Ziko zenye matundu ya waya wa kompyuta, na adapta ya ruta haiingii humo. Tafuta yenye soketi za kawaida; kwenye toleo la BX650LI utaona herufi MS mwishoni. Usiiweke juu ya kabati karibu na bati wala nyuma ya friji. Betri za risasi hupimwa maisha yake kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hukata umri wake karibu nusu. Sisi wa pwani, wakati wa kaskazi, tunajua chumba kinavyokuwa. Yangu niliiweka sakafuni kwenye kona ya varanda ya ndani, penye upepo, mbali na dirisha la upande wa bahari kwa ajili ya chumvi.

La pili ni zile UPS ndogo za lithiamu zinazotoa volti 12 moja kwa moja, unazichomeka kati ya adapta na ruta. Haziugeuzi umeme wa betri kuwa wa ukutani halafu ukageuzwa tena, kwa hiyo hazipotezi mwingi. Ni nyepesi na hazipigi kelele usiku. Ningeziweka juu zaidi kama zote zingekuwa zinaamka. Nilizojaribu, moja iliamka na nyingine ilitaka kitufe, na kwa macho ziko sawasawa. Soma chini ya ruta kwanza: ikiwa imeandikwa 9V usiitie tundu la 12V, utaichoma.

Za bei ya chini zaidi, zisizo na jina wala anwani kwenye boksi, sizipendekezi. Pauabenki ya simu nayo iache ifanye kazi ya simu.

Na hapa lazima niseme la moyoni kuhusu zile 10,000 mAh (ujazo wa betri) zinazoandikwa kwenye UPS ndogo za lithiamu na pauabenki. Namba hiyo hupimwa kwenye volti 3.7 za seli za ndani, si kwenye volti 12 za ruta yako. Piga hesabu: ni wati-saa 37, na ukiipandisha hadi volti 12 unabaki na kama 3,000 mAh, kabla ya kinachopotea njiani. Kwa mzigo wa wati 15 ni saa mbili. Muuzaji aliyeniambia "dada, hii inakesha mpaka asubuhi" alikuwa ananitazama machoni. Nilipomrudishia ile UPS yangu isiyoamka akasema si mbovu, "ndivyo zilivyo", na waranti haihusu "tabia ya mashine". Nikamwambia tabia ya mashine ndiyo niliyoinunua kwa 140,000. Hakurudisha hata senti. Duka la pili, hatua chache kutoka hapo, boksi lilelile lilikuwa 105,000.

Kama tayari unayo isiyoamka na huna pesa ya nyingine, chukua maka peni nyekundu, zungushia duara kile kitufe, kisha mkalishe mzee wako akibonyeze mwenyewe mara tano mbele yako. Mama siku hizi anakibonyeza. Ila UPS ile nimeihamishia kwenye kompyuta yangu, na kwenye ruta yake imekaa APC.