Mafuta ya kupikia: chupa ipi uichukue, ipi uiache rafuni

Geuza chupa uone nyuma. Mbele pameandikwa "haina kolesteroli" kwa herufi kubwa, na ni kweli, ila mafuta ya mimea karibu yote hayana, kwa hiyo maneno hayo hayakusaidii kuchagua. Kinachosaidia kimeandikwa kwa herufi ndogo: katika kila gramu 100, ngapi ni mafuta yaliyoshiba (yanayoganda yakipoa, kama siagi), ngapi hayajashiba (yanayobaki kimiminika).

Jambo moja kwanza, kwa anayetafuta mafuta ya kupunguza mwili: hayapo. Gramu 1 ya mafuta yoyote ina kalori 9 hivi, na kijiko cha mezani kinafika 120, yawe ya zeituni au ya nazi. Tofauti ni mwili unayahifadhi wapi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walichapisha jaribio ambalo mimi hulirudia kila ninapoulizwa swali hili. Vijana 39 wenye uzito wa kawaida walilishwa keki za ziada kwa wiki 7. Keki za kundi moja zilikuwa na mafuta ya mawese, yenye asidi nyingi ya palmitiki, ambayo imeshiba (asidi za mafuta ni vipande vinavyounda mafuta yote). Za kundi la pili zilikuwa na mafuta ya alizeti, yenye asidi nyingi ya linoleiki, ambayo haijashiba. Wote walinenepa sawa, yapata kilo 1.6. Lakini waliokula mawese walirundika mafuta zaidi kwenye ini na kuzunguka viungo vya tumboni, ilhali wenzao waliongeza zaidi tishu zisizo na mafuta, kama misuli. Kwa mizani peke yake usingeona tofauti yoyote, na ndiyo maana hapa chini nayapanga mafuta, kuanzia bora, kwa aina ya asidi.

1. Zeituni ya mkamuo wa kwanza

Sehemu kubwa, karibu asilimia 70, ni asidi ya oleiki, isiyoshiba, ambayo haiharibiki upesi kwa moto. Jaribio la PREDIMED la Hispania, lililohusisha watu zaidi ya 7,000, lilikuta kwamba waliokula mlo wa Kimediterania wenye mafuta haya kwa wingi walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vitokanavyo navyo kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 30 kuliko walioshauriwa kupunguza mafuta. Uchambuzi wake ulirudiwa na kuchapishwa upya mwaka 2018 kwa sababu ya kasoro katika kuwagawa washiriki, na matokeo hayakubadilika sana.

Yaonje. Yakiwasha kooni, hiyo ni oleokanthali, kemikali ambayo mwaka 2005 ilibainika kuzuia vimeng'enya vilevile vinavyozuiwa na ibuprofeni, yaani vile vinavyochochea uvimbe na maumivu. Kiasi kilichomo ni kidogo, hakitakutibu kiungo kinachouma. Bado muwasho huo ni dalili njema kwamba mafuta hayajasafishwa hadi yakapoteza vilivyomo.

2. Kanola

Mafuta yaliyoshiba ni asilimia 7 tu, pungufu kuliko karibu mafuta yote ya kupikia. Yana omega-3 (aina ya mafuta yasiyoshiba) kiasi, hayana ladha kali, yanafaa kwa mapishi ya kila siku.

3. Alizeti na soya

Hapa ndipo watu wengi wanapotiwa hofu bure. Hoja inasema hivi: asidi ya linoleiki ni omega-6, aina nyingine ya mafuta yasiyoshiba, mwili huigeuza kuwa asidi ya arakidoniki, na hiyo huzaa kemikali za uvimbe, kwa hiyo alizeti inawasha moto mwilini. Kwenye karatasi inaeleweka. Ndani ya mwili, mgeuko huo unadhibitiwa sana, na watu walioongezewa linoleiki katika majaribio hawakuonyesha kupanda kwa vipimo vya uvimbe kwenye damu. Zaidi ya hayo, linoleiki ikichukua nafasi ya mafuta yaliyoshiba, kolesteroli ya LDL, ile mbaya kwa mishipa ya damu, inashuka.

Ninachokionya mimi ni moto wa jiko. Linoleiki huoza upesi ikichemshwa, hasa mafuta yaleyale yakirudiwa mara nyingi. Kwa kukaanga, tafuta alizeti iliyoandikwa kuwa na oleiki nyingi. Ni mbegu ya aina nyingine, na mafuta yake yanakaribia zeituni.

4. Kitani

Haya ni mafuta ya mbegu za kitani, na nusu yake ni omega-3 ya mimea. Ni ya kumiminia chakula kilichokwisha kuiva, kamwe si ya kukaangia. Wala haichukui nafasi ya samaki, kwani mwili hugeuza sehemu ndogo tu kuwa EPA, na kidogo zaidi kuwa DHA, omega-3 mbili zinazopatikana kwenye samaki. Ukienda kwenye vidonge vya mafuta ya samaki, jumlisha EPA na DHA zilizoandikwa nyuma. Kidonge cha miligramu 1,000 mara nyingi kina 300 tu za hizo mbili.

5. Nazi

Yanasifiwa kwamba huchoma mafuta mwilini. Sifa hiyo imeazimwa kutoka kwa asidi zenye mnyororo mfupi zaidi, zinazokwenda moja kwa moja kwenye ini. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo sehemu yake kubwa husafiri kama asidi zenye mnyororo mrefu, bila kwenda moja kwa moja kwenye ini. Yanapandisha LDL, na mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri yasitumiwe. Kijiko kwa ajili ya ladha, sawa.

6. Mawese na siagi

Nusu yake ni mafuta yaliyoshiba. Yatumie kwa nadra.

Usinunue

Chochote chenye maneno "mafuta ya mimea yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu". Hayo huwa na mafuta ya transi, ambayo yanapandisha LDL na kushusha HDL, kolesteroli nzuri, kwa pamoja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito yaondolewe kabisa kwenye chakula cha dunia nzima.

Ukishachagua, chukua chupa ndogo ya kioo cheusi, iliyosindikwa karibuni, na uiweke mbali na jiko. Yakianza kunuka kama rangi ya ukutani, yamwage, hata kama tarehe haijafika.