Kidari cha bata: kikaango baridi au cha moto?
Hapa Kampala wengi tumezoea kikaango kipate moto kwanza ndo nyama iingie, na kwa nyama nyingine sawa tu, ila ngozi ya bata imebeba mafuta kibao, ukiirusha kwenye moto mkali inaungua juu huku mafuta yamebaki ndani, unatafuna kama mpira. Mi siku hizi naichanja ngozi, chumvi, naanza na kikaango baridi ngozi ikiwa chini, mkaa kidogo tu kwenye sigiri, dakika 12 hivi mafuta yanatoka yenyewe, halafu nageuza dakika 4. Moto mkali unaokoa muda, basi. Sosi ni ileile kwa njia zote mbili: punguza mafuta kwenye kikaango, tia juisi ya pasheni na kijiko cha asali, ichemke iwe nzito. Mafuta usimwage aisee, kaangia viazi.