TAHADHARI: Fundi wa "gia hazichezi hata kidogo"

Wadau wa darubini, nimepigwa. Jamaa bado anatangaza huduma yake, kwa hiyo wacha niwaeleze alivyonipiga.

Stendi yangu ya darubini, ile yenye mota ya kufuata nyota, gia zake zilikuwa zinacheza. Nikibonyeza kitufe cha kulia, Zohali inasogea. Nikibonyeza cha kushoto inaganda pale pale, mota inalia tu, halafu ghafla inashtuka na kuondoka. Ugonjwa wa kawaida: ile skrubu ndefu inayosukuma gurudumu la meno imeachana nalo kidogo, basi kila ukigeuza mwelekeo inazunguka bure kwanza. Nikakutana na tangazo lake, lina na video: anatikisa fimbo ya uzani (ile ya vyuma vya kusawazisha darubini), imetulia kama imechomelewa. Nikalipa yote, nikatuma stendi.

Ilirudi imetulia kweli, nikamsifu. Usiku wa kwanza wa baridi kali mota ikanguruma, ikakwama. Kufungua kifuniko, nakuta grisi nzito imeshindiliwa kila mahali. Kumbe ndiyo iliyokuwa inaficha kule kucheza kwa gia, na baridi ikaigeuza gundi. Nilipoifuta, kitambaa kikajaa chembe za shaba zinazometameta. Hayo ni meno ya gurudumu langu! Skrubu alikuwa ameisukuma ikabana hadi mwisho, nayo ikawa inatafuna meno. Kazi ya kulegeza, kusogeza kidogo kidogo na kukaza tena imegeuka kuwa kutafuta gurudumu jipya.

Nikamwandikia. Akajibu nimeipigisha baridi (darubini hutumika wapi tena, jikoni?), kisha akanibloku.

Mkimwona yeye au mwenzake, muulizeni anaacha mwanya kiasi gani kati ya skrubu na meno. Akisema hauachi kabisa, ondokeni. Meno haya lazima yaachiwe nafasi ndogo sana, grisi nyepesi ipite na chuma kipate pa kutanukia. Tena gurudumu huwa si duara kamili: ukilibana pale lilipolegea, litakwama upande wa pili. Ndiyo maana video yake ni ulaghai mtupu, anatikisa sehemu moja tu. Stendi yangu ina meno 144, skrubu huchukua kama dakika 10 kumaliza mzunguko mmoja ikifuata nyota. Sekunde 20 za video yake zinaonyesha nini? Mwambieni azungushe mhimili wote, atikise kila baada ya nyuzi 30 hivi, na sauti ya mota isikike.

Na kabla ya kumlipa mtu yeyote, jaribuni kuelemeza uzito kidogo upande wa mashariki. Meno yanabaki yameegemeana na nyota haishtuki ovyo. Mimi nilikuja kulijua hilo baada ya kuliwa.

Akaunti ameshabadilisha jina mara mbili. Video ni ile ile: meza yenye kitambaa cha kijani, na mkono uliovaa glavu moja.